SHAFTI IKIVUNJIKA PORINI: NAMNA YA KULIRUDISHA GARI NYUMBANI KWA SALAMA

Gari la kuvuta kwa magurudumu manne si gari lenye nguvu tu kuliko mengine. Ni gari lenye njia mbili za kupeleka nguvu za injini ardhini, moja ya mbele na nyingine ya nyuma. Njia moja ikikatika, ya pili bado ipo. Dereva anayelifahamu jambo hilo, naye amebeba spana zake, halali porini kwa ajili ya kipande cha chuma kilichovunjika. Asiyelifahamu huketi chini ya mti siku nzima akingoja kuvutwa, hali gari lake lina uwezo wa kumfikisha nyumbani kabla ya jua kuzama.

Lakini lipo jambo la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Uharibifu ule ule unaolifanya gari lishindwe kwenda, huweza pia kulifanya lishindwe kusimama. Watu wengi hulijua la kwanza na wachache mno hulijua la pili. Kwa hiyo mtu huingia chini ya gari akiamini breki ya mkono, na gari likambiringikia. Makala haya yanaeleza mambo yote mawili kwa pamoja. Ni kwa ajili ya madereva wa vikosi na wa vituo vya polisi, na pia kwa jamaa zao, maana gari la aina hii ndilo mara nyingi humpeleka mama mjamzito hospitali, likawarudisha watoto shuleni, na likaleta magunia ya unga kambini.

NGUVU HUPITA WAPI

Tuanze na safari ya nguvu zenyewe. Injini huzungusha klachi, klachi huzungusha giaboksi kubwa, na giaboksi kubwa huzungusha giaboksi ndogo ambayo mafundi huiita transfa. Kutoka kwenye transfa hutoka propela mbili: moja huenda mbele na nyingine huenda nyuma. Kila propela huishia kwenye difu, yaani lile tufe la chuma lililo katikati ya ekseli. Ndani ya ekseli mna hafushafti mbili, ya kulia na ya kushoto, nazo ndizo zinazolizungusha gurudumu kwa kupitia habu, yaani kitovu chake.

Kazi ya difu ni kuyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa mwendo usiolingana gari linapokata kona. Hiyo ni kazi njema, ila difu ina tabia moja: ni kama maji ya mfereji, hukimbilia palipo na upenyo. Hafushafti ya kulia ikivunjika, nguvu zote hukimbilia kwenye kile kipande kilichovunjika, kikazunguka bure, na gurudumu zima la kushoto lisipate kitu. Hivyo kipande kimoja cha chuma, kinene kuliko kidole gumba tu, huyanyima kazi magurudumu mawili kwa mara moja.

Hapo ni lazima dereva ajue gari lake ni la aina gani. Land Rover za zamani, kuanzia zile zilizotolewa mwaka 1948 hadi zile za Series III zilizokoma kutengenezwa mwaka 1985, kwa sehemu kubwa huenda kwa magurudumu ya nyuma tu, na dereva huyaingiza ya mbele anapoyahitaji. Katika Series II na III, hufanya hivyo kwa kukibonyeza kifundo cha rangi ya manjano, au kwa kuvuta mkono wenye kifundo chekundu unaoingiza gia za chini za transfa. Land Cruiser nyingi za kazi nazo hufuata mtindo huo wa kuingiza na kutoa.

Aina ya pili ni zile ambazo magurudumu yote manne huvuta wakati wote. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuwa hivyo, ikafuatwa na Land Rover 110 mwaka 1983 na 90 mwaka 1984, pamoja na Defender zilizoendelea kutengenezwa hadi Januari 2016. Magari haya yana difu ya tatu, iliyomo ndani ya transfa, katikati ya propela ya mbele na ya nyuma. Difu hiyo nayo ina tabia ile ile ya maji ya mfereji. Hafushafti moja ikivunjika, gari zima husimama mpaka dereva aifunge difu ya katikati kwa mkono wake. Akiisha kuifunga, propela zote mbili huzunguka kwa pamoja kana kwamba ni chuma kimoja, na upande mzima hupata nguvu zake.

KWA NINI SHAFTI HUVUNJIKA

Shafti haivunjiki kwa uzito peke yake, bali huvunjika kwa mshtuko. Gari limezama katika udongo mweusi unaonata, kama ule wa Karamoja wakati wa mvua. Dereva anakanyaga mafuta, gurudumu linazunguka kasi katika ute, kisha ghafla linashika jiwe. Kasi yote ile hukatizwa kwa nukta moja, na pigo hilo huangukia penye udhaifu. Katika Land Rover za Series penye udhaifu ni hafushafti ya nyuma, ambayo katika nyingi kati ya hizo ilikuwa na meno kumi tu. Kuiachia klachi kwa ghafla, kuingiza gia ya kurudi nyuma kabla gari halijasimama, na kupanda ukingo wa mto kwa kurukaruka, yote hayo huzaa pigo lile lile.

Sababu nyingine ni tairi kubwa kupita kiasi pamoja na mzigo mzito. Jambo hilo lilionekana wazi katika msafara wa wanajeshi wa Uingereza wa mwaka 1971 na 1972, ulioongozwa na Meja John Blashford-Snell. Walitoka Alaska na Range Rover mbili, wakakusudia kufika ncha ya kusini ya Amerika Kusini. Katikati ya njia, baina ya Panama na Kolombia, upo msitu wenye vinamasi uitwao Darién ambao hauna barabara. Magari yalikuwa yamejazwa mizigo na kuvishwa tairi pana za kinamasi, na difu zake zikawa zinavunjika. Ilibidi vipuri viletwe pamoja na fundi kutoka kiwandani ndipo safari iendelee. Msafara ulifika mwisho wake mwaka 1972, lakini somo likabaki: mtu akiongeza ukubwa wa tairi bila kufikiri, huongeza pia mzigo unaobebwa na difu na shafti zilizotengenezwa kwa tairi ndogo.

BREKI YA MKONO ISIAMINIWE

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kila mtu anayepanda gari hili anapaswa kulijua, hata kama hajui kuendesha.

Katika Land Rover za Series na zile za 90, 110 na Defender za zamani, breki ya mkono haishiki magurudumu. Ngoma yake imefungwa nyuma ya transfa, nayo hushika propela ya nyuma. Propela ndiyo inayoizuia difu, difu ndiyo inayozizuia hafushafti, na hafushafti ndizo zinazoyazuia magurudumu. Ni mnyororo. Pete moja ya mnyororo huo ikikatika, breki ya mkono huwa imeshika chuma kisichoshika kitu. Dereva ameivuta hadi juu, ameisikia imekaza, naye anashuka akidhani gari limefungwa. Kumbe limesimama kwa sababu tu ya usawa wa ardhi. Na ikiwa magurudumu ya mbele hayakuingizwa, hata kuliacha gari katika gia hakusaidii, kwa sababu gia nayo hutegemea mnyororo ule ule.

Tena hatari hii haingojei shafti ivunjike. Hata gari zima, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliruhusu lile lililoinuliwa kuzunguka upande mmoja na lile lililo chini kuzunguka upande wa pili. Gari huweza kutembea na kuanguka kutoka juu ya jeki huku breki ya mkono imevutwa barabara.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: kabla ya spana, jiwe. Gari lililovunjika shafti lizuiliwe kwa mawe makubwa au magogo, mbele na nyuma ya magurudumu yasiyoinuliwa. Lisogezwe kwanza mahali pa usawa na pagumu, kama inawezekana. Abiria wote washuke, na watoto wapelekwe kando ya barabara, upande wa juu wa mteremko, wala si mbele au nyuma ya gari. Likiinuliwa kwa jeki, gurudumu la akiba lilazwe chini ya ekseli au chini ya fremu, ili jeki ikiteleza chuma kiangukie mpira na kisimwangukie mtu. Kazi hii huchukua dakika tano.

Breki ya mguu, kwa upande wake, hushika kila gurudumu kwa mafuta ya breki, kwa hiyo kuvunjika kwa shafti peke yake hakuiharibu. Hata hivyo ijaribiwe kabla ya kuondoka, kwani propela iliyoning'inia huweza kulikata bomba la breki.

KUITAMBUA HITILAFU

Dereva asikimbilie kufungua bolti. Aanze kwa kusikiliza na kutazama.

Ikiwa gari ni la aina ya kuingiza na kutoa, nalo limekataa kwenda ingawa injini inanguruma na gia imeingia, abonyeze kile kifundo cha manjano, au aingize magurudumu ya mbele kwa namna ya gari lake. Kama lina habu za kufungwa kwa mkono mbele, azizungushe zote mbili zifunge. Aiachie klachi polepole. Gari likienda, ameshapata jibu: upande wa nyuma umevunjika na wa mbele ni mzima. Nguvu hiyo hiyo aitumie kulisogeza gari mahali pa usawa.

Ikiwa ni gari la kuvuta wakati wote, aifunge difu ya katikati na kujaribu vivyo hivyo. Kuujua upande uliovunjika, aliwekee gari mawe, aifungue tena difu ya katikati, aingize gia ya kwanza na kuiachia klachi taratibu mno, huku mwenzake akitazama kwa kando, hatua kadhaa mbali na gari. Propela inayozunguka ovyo wakati magurudumu yametulia ndiyo ya upande wenye hitilafu. Asiwepo mtu mbele, nyuma, wala chini ya gari wakati wa jaribio hilo.

Kama hakuna propela inayozunguka hata moja, hitilafu iko kwenye klachi, giaboksi au transfa. Klachi tutaizungumza, giaboksi na transfa zikivunjika ndani, hazitengenezwi njiani.

HAFUSHAFTI YA NYUMA

Likiwa limezuiliwa vizuri, tazama katikati ya gurudumu la nyuma. Ukiona kitovu kilichochomoza chenye duara la bolti zake, mbali na nati zinazolishika gurudumu, ujue hafushafti ni ya kuzungusha tu, wala hailibebi gurudumu. Nyingi kati ya Land Rover tulizozitaja ni za namna hiyo. Zina bolti tano au sita kwenye kitovu. Zifungue, uvute, na hafushafti itatoka pasipo gurudumu kusogea. Ikitoka ndefu na nzima, irudishe, ukafungue ya upande wa pili. Iliyovunjika utaijua kwa kuwa hutoka fupi.

Ukikuta kitovu ni bapa, hakina bolti zake chenyewe, basi acha. Katika magari ya namna hiyo hafushafti ndiyo inayolibeba gurudumu. Ikivunjika, gurudumu huweza kuchomoka pamoja nayo gari likiwa katika mwendo. Gari hilo halifai kwenda hata hatua mia. Lingoje kubebwa au kutengenezwa pale pale.

Kipande kifupi kinachobaki ndani ya difu ndicho kinacholeta hasara kubwa. Kikizunguka humo huweza kuyavunja meno ya difu, na kosa la shilingi kidogo likawa la shilingi nyingi. Jaribu kukitoa kwa waya mgumu uliopindwa ncha. Kisipotoka, iondoe na ile hafushafti nzima ya upande wa pili, kisha ufungue propela ya nyuma. Hapo difu ya nyuma itakaa kimya, haizungushwi na injini wala na magurudumu. Fanya hivyo pia ukiwa umesikia mlio wa kusagika kutoka kwenye difu.

Matundu ya habu yasiachwe wazi. Mafuta yatavuja, na vumbi litaingia kwenye beringi. Yafunike kwa kipande cha bati, turubai au mpira wa tyubu ya zamani, ukivikaza kwa bolti zile zile. Bolti zinazosalia na vipande vilivyovunjika vitiwe kwenye kopo. Fundi atavihitaji ili ajue kama kuna kilichobaki ndani.

PROPELA NA KROSI

Krosi ni kile kiungo chenye umbo la msalaba kilichoko katika kila ncha ya propela. Hiyo haivunjiki bila kutoa habari. Hulia kama panya gari linapoondoka, kisha hugonga kila dereva anapobadili gia, kisha huleta mtetemeko. Dereva anayeipuuza kwa wiki moja huikuta imekatika siku asiyoitaka.

Propela ikikatika kwa nyuma ya transfa, huanguka na kuburura, ikapiga sakafu, mabomba na tangi la mafuta. Ikikatika ile ya mbele huweza kuchimba ardhi. Kwa hiyo mtetemeko wa ghafla chini ya miguu ni amri ya kusimama, si ya kusikilizia. Katika Land Rover, kila ncha ina bolti nne, na spana yake ni ya inchi 9/16. Beba mbili, moja ya kushika na moja ya kukaza. Ifungue propela yote, uipakie ndani ya gari, uingize magurudumu ya upande wa pili au uifunge difu ya katikati, na uende.

Wako madereva waliofundishwa, kwa haki, kwamba gari la magurudumu manne lisifungwe difu ya katikati kwenye lami kavu, kwa sababu propela hujikaza hata kitu kikavunjika. Mafundisho hayo ni ya gari zima. Propela moja ikiwa imekwisha kuondolewa, hakuna kinachoshindana na kingine. Gari huweza kwenda juu ya lami hali difu imefungwa, na kwa kweli ni lazima ifungwe, la sivyo halitasogea.

UPANDE WA MBELE UKIVUNJIKA

Huu ndio wepesi kwa mwendo na mgumu kwa usukani. Katika gari la kuingiza na kutoa, yatoe magurudumu ya mbele kazini, uzifungue habu za mkono kama zipo, na uende kwa ya nyuma kama siku zote. Katika gari la kuvuta wakati wote, ondoa propela ya mbele na ufunge difu ya katikati.

Lakini kabla ya hayo, zungusha usukani kutoka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto mara kadhaa, na ulisogeze gari kidogo kidogo huku usukani umekatwa. Kiungo kilichoko ndani ya gurudumu la mbele kikivunjika, vipande vyake huweza kukwama na kulizuia gurudumu lisigeuke. Usukani ukigoma, hata kidogo, au ukisikia chuma kikisagika kwenye gurudumu, gari lisiende mpaka shafti hiyo iondolewe. Bora kulala njiani kuliko kupoteza usukani kwenye daraja.

KLACHI ISIPOSHIKA AU ISIPOACHIA

Klachi inayoteleza kwa kuisha haina dawa ya njiani, ila mzigo upunguzwe na mwendo uwe wa pole. Klachi isiyoachia, kwa sababu mafuta yake yamevuja, ina njia. Injini ikiwa imezimwa, weka transfa katika gia za chini, uingize gia ya kwanza, uhakikishe mbele hakuna mtu, kisha uwashe kwa stata. Katika magari ya zamani gari litaondoka lenyewe na injini itawaka likiwa katika mwendo. Gia zibadilishwe kwa kuuachia mguu wa mafuta na kungoja injini ilingane na mwendo. Ukitaka kusimama, toa gia kwanza. Njia hii haifai mjini penye watu wengi, bali hukufikisha mpaka kwenye ukingo wa mji.

MWENDO WA KURUDI NYUMBANI

Gari linalovutwa na ekseli moja si lile uliloondoka nalo asubuhi. Mzigo uliokuwa ukibebwa na shafti nne sasa unabebwa na mbili. Kilomita 40 kwa saa katika barabara ya udongo zinatosha. Klachi iachiwe polepole, na mafuta yakanyagwe kama unakanyaga yai.

Likivutwa kwa mbele, usikate kona kali huku ukikanyaga mafuta, kwani hapo ndipo viungo vya magurudumu ya mbele huumia. Mizigo isogezwe mbele kadiri inavyowezekana. Katika kupanda mlima, uzito wa gari hulalia nyuma na magurudumu ya mbele hupoteza nguvu za kushika. Mlima mfupi usiopandika kwa mbele, aghalabu hupandika kwa kurudi kinyumenyume, maana hapo magurudumu yanayovuta ndiyo yaliyo chini na yenye uzito. Jambo hilo lifanywe kwa mtu wa kuongoza aliye kando, barabara ikiwa tupu, na abiria wakitembea kwa miguu.

Katika kila mlima awepo mtu wa gogo. Utingo wa malori hujua kazi hii tangu zamani: hutembea kando ya gurudumu la nyuma akiwa na gogo mkononi, tayari kulitupa chini gari likisita. Kwa gari lenye breki ya mkono isiyotegemewa, mtu huyo ni wa thamani kuliko fundi. Katika kuteremka, gia ndogo itumike tangu juu, na breki ya mguu isikanyagwe mfululizo.

Baada ya kilomita tano za kwanza simama. Kaza bolti zote ulizozigusa. Sogeza mgongo wa mkono karibu na kila habu na kila difu. Penye moto kuliko pengine pana tatizo. Kisha fanya hivyo kila baada ya kilomita 20 au 30. Kila unaposimama, jiwe kwanza. Na ukiliegesha nyumbani, usilitoe katika hali ya magurudumu manne wala usiifungue difu ya katikati, kwani kwa hali hiyo tu ndipo breki ya mkono hushika kupitia upande mzima. Hata hivyo liwekee mawe, ili mtoto anayecheza uani asipatwe na ajali ambayo porini iliepukwa.

Ikibidi kuvutwa, transfa iwekwe katikati, isiwe gia za juu wala za chini, na propela ya upande ulioharibika iondolewe. Kamba iwe ndefu, na abiria wasikae katika gari linalovutwa.

SANDUKU LA GARI NA WATU WA NYUMBANI

Maandalizi ya safari ya namna hii hufanywa jikoni na uani kabla ya kufanywa barabarani. Sanduku la gari liwe na jeki na ubao wa kuikalisha, magogo mawili yaliyochongwa kama kabari, spana za saizi ya propela na ya habu, nyundo, waya mgumu, kipande cha tyubu, mafuta ya difu lita moja, tochi, na kopo la bolti. Anayeweza, abebe hafushafti moja ya akiba ya kila upande, kwa kuwa ya kulia na ya kushoto huweza kutofautiana urefu. Maji ya kunywa yawe mbali na maji ya rejeta, na chakula kikavu kisisahauliwe.

Mama wa nyumba naye ana sehemu yake. Aambiwe njia itakayopitwa, saa ya kuondoka, saa ya kutarajiwa, na kituo au kambi ya kupeleka habari ikiwa saa hiyo imepita sana. Watoto wakubwa wafundishwe kuweka jiwe na kukata matawi ya kuonya magari mengine, yakiwekwa mbele na nyuma umbali wa hatua hamsini au zaidi. Tena wafundishwe kuyaondoa mawe na matawi hayo kabla ya kuondoka, kwa sababu jiwe lililookoa gari lako mchana huweza kumuua mwendesha baiskeli usiku.

Mababu walisema haraka haraka haina baraka. Kwa dereva wa gari lililovunjika shafti, maneno hayo ni kanuni ya kazi. Chuma kilichovunjika hununuliwa kingine dukani. Anayelizuia gari lake kwanza, akalitambua, akaondoa kilichovunjika, kisha akaenda pole, atachelewa kufika. Lakini atafika pamoja na wote alioondoka nao.